Makoti ya Kichwa Kidogo

Xiaobei, Guangzhou
8 Novemba 1998

Bibi mdogo Jovitha,

Nakuita bibi mdogo kwa sababu una jina la marehemu mke wangu na ukaidi wake wote, tena yeye hayupo kunikataza. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake. Sema na wewe, kama u mzima.

Nilikuahidi kuuliza habari za ufadhili wa kusomea udaktari huku. Nimeuliza. Nilikwenda chuoni na Rashid, kijana wa Tanga aliye mwaka wa tatu wa udaktari, anayesoma maandishi yao kama mimi ninavyosoma sura ya mteja. Karani akatupa karatasi moja. Wanataka vitu vitatu. Kwanza alama nzuri: baiolojia, kemia na hiyo fizikia yako. Pili utafiti, hata mdogo, uliosimamiwa na mwalimu. Tatu barua ya daktari kwamba umejitolea hospitalini si chini ya Jumamosi ishirini. Karatasi ziwe zimefika kabla ya mwisho wa Juni. Matokeo ya Kidato cha Sita yatafuata.

Nikamwuliza Rashid, kujitolea ndiyo nini? Akasema, "Kufanya kazi bila kulipwa, babu." Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa ndoa.

Tuko Waafrika wachache hapa Xiaobei. Tangu biashara ya Bangkok ivurugike nimehamia huku, nalala hoteli yenye ngazi nyingi kuliko wageni, nanunua nguo na kuzisafirisha. Neno la kwanza nililojifunza ni *meiyo*. Maana yake hakuna. Unaingia dukani, shati limening'inia mbele ya pua yako, unaliulizia, muuzaji anasema meiyo. Si kwamba shati halipo. Lipo, ila si kwako. Neno tamu! Laiti ningelijua mwaka 1971.

Unajua nusu ya habari ile. Pokea nusu ya pili. Nilikuwa dresa katika hospitali moja ya misheni, nafunga vidonda. Darasa la sita langu na koti langu jeupe. Koti lile nililifua mwenyewe na kulipiga pasi mwenyewe; bibi yako alikuwa anaona wivu. Siku moja kasha la penisilini likapotea. Joachim Mbawala, wakati huo daktari msaidizi, kijana mwenye shingo ndefu, akasimama katikati ya wodi, vitanda thelathini vinatazama, akasema: "Kassian, vua koti." Hakuuliza kitu. Nikavua. Nikabaki na fulana yenye tundu kwapani, na mgonjwa mmoja wa ngiri akacheka mpaka ikamrudi.

Wiki mbili baadaye wapaka rangi walisogeza jokofu. Kasha lilikuwa nyuma yake. Unajua Mbawala alisema nini? "Basi, kesi imeisha." Kazini hakunirudisha. Koti hakunirudishia. Pole hakunipa.

Kwa hiyo tuelewane. Wewe unasoma ili uponye watu, jambo zuri. Mimi nakusomesha ili Mbawala akuite Daktari kwa mdomo ule ule. Nasikia anajenga hospitali yake mwenyewe hapo Songea. Ukajitolee popote, hata kwa bwana mifugo, lakini kwake usikanyage.

Wako mwenye goti,
Kassian Komba

---

Songea
20 Desemba 1998

Babu yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mama Albina, anaondoka kesho kutwa kuja kununua vitu huko. Wote hatujambo. Baba anasema umpunguzie utani mama Albina, maana mara ya mwisho alirudi akisema umemchumbia mbele ya watu wa mizigo.

Nimezigawanya siku zangu. Jumatatu mpaka Ijumaa ni masomo. Jumamosi ni hospitali. Jumapili baada ya misa nakwenda na mwalimu wangu wa baiolojia, madamu Nelly, kwenye mashimo ya matofali kule bondeni. Tunachota maji kwa upawa na kuhesabu viluwiluwi vya mbu, shimo kwa shimo. Huo ndio utafiti wangu: ni mashimo yapi yanaleta malaria. Watu wanadhani nimerukwa na akili, nachota maji machafu na kuyasemesha kwa namba.

Muhula huu baiolojia nimepata 74, kemia 61, fizikia 38. Usinicheke. Jumamosi zinakula fizikia yangu. Nabeba daftari wodini, lakini nikifungua tu kuna mtu anataka maji, mwingine anataka nimsomee barua. Bibi mmoja mwenye mguu uliovunjika amekwisha kukariri kanuni zangu za mwendo. Nikikosea ananipiga kwa upepeo.

Najitolea kwa masista. Pale kuna daktari mzee, mkali mno, lakini amenifundisha kutazama vidudu vya malaria kwa darubini, na amenipa kitabu cha wagonjwa ili nilinganishe na mashimo yangu. Sijawahi kufundishwa hivyo. Usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako,
Jovitha Ernest

---

Xiaobei, Guangzhou
17 Januari 1999

Bibi mdogo,

Thelathini na nane! Hiyo si alama, hiyo ni saizi ya kiatu. Mwambie yule bibi wa mguu aache upepeo, atumie mwiko.

Masista sawa. Mpe huyo daktari mzee mkali salamu zangu, inaonekana ni mtu wa maana.

Sasa kaa chini, maana Mungu kanifanyia mzaha na safari hii mzaha ni wa upande wangu. Albina alikuja na oda. Makoti meupe mia na ishirini ya hospitali mpya, Songea. Nikauliza ya nani? Ya Dakta Joachim Mbawala! Hajui nani anamnunulia. Albina amemwambia tu "mzee mmoja mwaminifu huko China". Mimi! Mwaminifu! Nilicheka mpaka mwenye hoteli akapanda kuangalia kama ninakufa.

Nimempelekea ujumbe kwa faksi ya Albina kwamba kila koti tutalitia nakshi ya Kichina mfukoni, ya bure, yenye maana ya "Afya Njema", kwa kuwa nasikia amewaalika madaktari wa Kichina wa mkoa siku ya ufunguzi. Amekubali, amefurahi, ameshukuru. Sasa sikiliza yatakayoandikwa kweli: *shiao tou*. Mwizi! Nalijua neno hilo vizuri. Nilijifunza kule Shiling, kwenye soko la mabegi ya ngozi, siku kijana alipochomoa pochi ya mtu. Sokoni watu walipiga kelele "Shiao tou! Shiao tou!" nami nikapiga kelele nao, na wakati huo huo pochi yangu ikaenda.

Sikumwendea Rashid aniandikie. Rashid anaswali sala tano, angeniuliza maswali matano. Nilikwenda mwenyewe Kangle, kule kwenye vyumba vya cherehani karibu na soko la vitambaa. Bosi ni mama mmoja mfupi, wote wanamwita lauban. Nikamwambia kwa mdomo wangu: shiao tou, kwenye mfuko, uzi mwekundu. Akanitazama. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akatingisha kichwa, akaliandika, akaanza kushona.

Hebu piga picha. Siku ya ufunguzi, Mbawala mbele, wauguzi nyuma, wote makoti mapya. Wachina wanasoma kifua chake. Mwizi. Aulize maana yake, aambiwe mbele ya watu wake, kama mimi nilivyoambiwa. Kesi hiyo ndiyo itaisha.

Nafunga mzigo kabla ya sikukuu yao ya mwaka mpya, maana mafundi wote wanarudi vijijini. Usimwambie mtu, hata masista.

Kassian, mwaminifu

---

FAKSI
Ofisi ya simu, Songea, 15 Februari 1999
Kwa: Mzee Kassian Komba, kwa wakala wa mizigo, Xiaobei

Babu,

Barua yako nimeipata leo. Naandika nimesimama na karani anahesabu mistari. Usitume makoti.

Nilikudanganya. Masista wana wanafunzi wao wa uuguzi, hawakuwa na nafasi. Niligonga milango mitano. Aliyefungua ni Dakta Mbawala, hospitali yake imeshaanza kulaza wagonjwa kabla ya ufunguzi rasmi. Yule daktari mzee mkali ni yeye. Hajui mimi ni mjukuu wako. Natumia jina la baba. Nimebakiza Jumamosi nane, na barua yangu ya chuo ataisaini yeye.

Na Babu, makoti hayo nitavaa na mimi. Amesema la kwanza kutolewa kwenye boksi ni la Jovitha.

Nakuomba.

---

FAKSI
Xiaobei, 16 Februari 1999
Kwa: Jovitha Ernest, Songea

Meli imeondoka Alhamisi. Leo ndiyo mwaka mpya wao, baruti zinalia, Kangle nzima imefungwa, hata mtu wa kugombana naye hakuna.

Mjukuu wangu, nguruwe anakula mihogo ya shamba la jirani kwa kuwa hana akili. Wewe unayo. Milango mitano! Ungegonga wa sita. Umekwenda kumshikia darubini mtu aliyemvua babu yako nguo. Umeniandikia kwamba anafundisha vizuri. Nilimtumia salamu! Mimi, kwa kalamu yangu, nilimwita mtu wa maana!

Makoti yanakuja. La kwako usilivae. Siku hiyo uugue tumbo.

K. Komba

---

Songea
19 Aprili 1999

Babu,

Shikamoo. Sikukujibu kwa miezi miwili kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, tena nilikuwa na mtihani wa majaribio. Fizikia 52. Hasira inasaidia.

Niliwaza kuyaficha yale makoti. Kisha nikawaza kumwambia. Kila Jumamosi niliingia ofisini kwake na maneno mdomoni, naye ananiambia, "Jovitha, njoo uone slaidi hii," nami nameza. Babu, nitasema kweli: nilidhani umeongeza chumvi. Miaka ishirini na nane ni mingi. Nilidhani mtu anayenishika kiwiko kwa upole ili nisitingishe darubini hawezi kufanya ulivyosema.

Juzi Jumamosi ilikuwa ufunguzi. Viti vilipangwa uani, wagonjwa wanaoweza kutembea wakaletwa, wageni, kwaya, na madaktari wawili wa Kichina wa hospitali ya mkoa. Sikuugua tumbo. Nilivaa. Nilijiambia kama kuna tusi, basi nami ni wa ukoo ulioliandika.

Dakta Mbawala alihutubia. Akashika mfuko wake akasema nakshi hii ni Afya Njema, heshima kwa marafiki zetu wa China. Wale Wachina wakatazamana. Yule mwanamke, Dakta Li, anajua Kiswahili kizuri, ameishi hapa miaka minne. Akaziba mdomo. Mabega yakaanza kumtingishika.

"Kuna nini?" Dakta Mbawala akauliza.

"Hapana, daktari. Ni… si Afya Njema."

"Ni nini?"

"Ni Kichwa Kidogo."

Babu, si Mwizi! Kichwa Kidogo! Alieleza kwamba maneno yale mawili yanafanana, ila mwizi sauti inabaki juu, kichwa kidogo sauti inapanda. Wewe uliipandisha. Ulimsimamia yule mama wa Kangle ukimpigia kelele "Kichwa kidogo! Kwenye mfuko! Uzi mwekundu!" Ndiyo maana alikutazama.

Watu walianza kucheka nyuma kabisa, kwenye wagonjwa, kisha kicheko kikaja mbele kama maji. Kwaya ilicheka kwa sauti nne. Dakta Mbawala akageuka. "Nani aliyeagiza hivi?" Mama Albina, unamjua asivyoweza kukaa na neno, akasema kwa hofu: "Mshonishaji ni Mzee Kassian Komba, daktari. Babu yake huyu binti."

Akanitazama. Nilimwona akikumbuka. Shingo yake ilirefuka, Babu, kama ulivyosema. Hakuniuliza kitu. Akasema:

"Jovitha, vua koti."

Ua mzima unatazama.

Hapo ndipo nilipokuamini.

Nilivua. Nilifungua kifungo kimoja kimoja, polepole, mpaka watu wakachoka kucheka. Ndani nilikuwa na blauzi ya shule, nzima, haina tundu. Nikalikunja nikaliweka mezani mbele yake. Nikasema kwa ile sauti ninayosomea somo la pili kanisani: "Daktari, mwaka 1971 kasha la penisilini lilikutwa wapi?"

 Kisha sauti ikatoka kwenye viti vya wageni. Ni bibi Hannah, muuguzi mstaafu, wa zamani wa misheni ile ile, amekaa na mkongojo wake. "Nyuma ya jokofu," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Dakta Mbawala aliingia ndani akafunga mlango. Kwaya haikujua iimbe nini, ikaimba ule wimbo uliopangwa, wa shukrani.

Jumamosi ishirini na moja nimetimiza. Barua sina, na hatanisainia. Alama, nitapigana nazo mwezi ujao. Utafiti umekamilika, madamu Nelly amesaini: mashimo ya karibu na mto ndiyo mabaya. Kilichobaki ni ile karatasi moja, na Juni haiko mbali. Umelipa kisasi, Babu, na mimi nimelipia.

Jovitha

---

Songea
6 Mei 1999

Kwa Bwana Kassian Komba,

Nakuandikia kwa mkono wa Bi Albina, kwa suala la makoti.

Mzaha wako umefanikiwa. Mjini hapa hakuna anayeitaja hospitali yangu kwa jina lake. Mtu akiulizwa amelazwa wapi, anajibu: Kichwa Kidogo. Watoto wanaokuja chanjo wanauliza kama watatoka na vichwa vyao. Wauguzi wameng'oa uzi, lakini uzi ulikuwa mwekundu na sasa mifuko ina alama za pinki, zinasomeka vile vile. Wakaguzi wa wizara wanakuja Septemba.

Nahitaji makoti mia na ishirini mengine, safi, yasiyo na maandishi yoyote. Nawe unahitaji barua ya mjukuu wako. Sisi ni watu wazima. Niletee makoti, nitaisaini barua, na tuseme kesi imeisha.

Dkt. J. Mbawala

---

Xiaobei, Guangzhou
23 Mei 1999

Kwa Daktari Joachim Mbawala,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili kwa kuelewa, moja kwa raha.

Ile "kesi imeisha" nimeikumbuka mara moja, kama mtu anavyokumbuka jino. Sasa mimi ndiye muuzaji, na wewe umesimama dukani kwangu unanyooshea shati kidole. Sikiliza masharti.

Moja. Barua ya Jovitha inakuja kwanza, makoti baadaye. Isiwe na sifa za kubuni wala chumvi. Andika alichofanya Jumamosi zile na jinsi zilivyokoma, na kwa kosa la nani.

Mbili. Karatasi nyingine, kwa mkono wako, si kwa taipu. Useme kasha lilikuwa wapi, na ulilijua lini. Hilo la pili ndilo ninalolitaka. Wapaka rangi walilipata baada ya wiki mbili. Miaka ishirini na nane nimekaa na swali moja: siku zile kumi na nne wewe ulikuwa unadhani nini?

Ukikataa, makoti meiyo. Muulize Dakta Li maana yake, atakueleza. Anajua na vicheko vyake.

Kassian Komba, dresa

---

Songea
11 Juni 1999

Bwana Kassian,

Barua ya chuo iko ndani ya bahasha hii, imesainiwa na kupigwa muhuri. Ukitaka kujua nilichoandika, ni hiki:

*Jovitha Ernest amejitolea hospitalini kwangu Jumamosi ishirini na moja. Anasoma slaidi za malaria vizuri kuliko wauguzi wangu wawili. Tarehe 17 Aprili nilimvua koti mbele ya watu kwa kosa lisilo lake. Ni mara ya pili maishani mwangu kumvua koti asiye na kosa. Wa kwanza alikuwa babu yake.*

Hilo la pili. Kasha nililiona siku ile ile jioni, nilipokwenda kuchukua chanjo. Lilikuwa limeanguka nyuma ya jokofu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, wodi nzima imenisikia, na mganga mkuu alikwisha kunisifu kwa ukali wangu. Nililisukuma ndani zaidi kwa mguu.

Sikuwahi kumwambia mtu. Nimezeeka, Kassian. Nakuomba msamaha, kama upo.

J. Mbawala

---

Songea
28 Agosti 1999

Babu yangu,

Shikamoo! Matokeo: baiolojia B, kemia C, fizikia D. Na barua ya chuo imefika: wamenichukua. Mwaka mmoja wa Kichina kwanza, kisha udaktari. Nakuja huko mwezi ujao na mama Albina. Jitahidi kutomchumbia uwanja wa ndege.

Ile D ya fizikia ni Jumamosi za Dakta Mbawala, na sizijutii. Jana nilikwenda kumuaga. Alinionyesha nakala ya alichokuandikia. Alitetemeka mkono, Babu, mimi ndiye niliyeshika kiwiko. Ameniita Daktari, mara mbili, bila kulazimishwa. Ulichokitaka umekipata. Makoti yamekwisha kufika bandarini, anasubiri tu neno lako.

Msamehe. Ni mzee.

Jovitha

---

Xiaobei, Guangzhou
9 Septemba 1999

Kwa Daktari Joachim Mbawala,

Makoti mia na ishirini, kitambaa kizito, vifungo vya mfupa, hayana herufi hata moja. Nilikwenda na Rashid safari hii, akayapekua moja moja. Lauban wa Kangle aliponiona alijishika kichwa akacheka mpaka akakaa chini. Nimekuwa maarufu mtaa mzima. Makoti ni mazuri kuliko uliyoomba. Mtu akiyavaa, asilaumu fundi kwa kitakachoonekana.

Karatasi yako naiweka mfuko wa shati, upande wa kushoto. Naitoa kila asubuhi nikinywa chai, nasoma pale penye mguu, kisha naikunja. Nilikuwa na mashaka kwa miaka ishirini na nane kwamba pengine ulikosea tu. Mashaka yale yalinilegeza, nikawa nakuchukia nusu nusu. Asante kwa kunimalizia.

Mjukuu wangu ameniandikia nikusamehe. Ana moyo wa bibi yake. Anakuja wiki ijayo kusoma, na nimemshonea koti la kwanza, lina jina lake mfukoni, limeandikwa na anayejua kuandika. Hilo hakuna mtu atakayemwambia avue.

Umeuliza kama msamaha upo. Nimeangalia rafu zote, nimefungua maboksi, nimepanda hata kwenye kabati la juu na goti hili. Unaning'inia pale pale, Daktari, nauona. Meiyo.

Kassian Komba

Ndani ya boksi la kwanza utakuta kofia moja ya chumba cha upasuaji, nyongeza ya bure kutoka kwangu. Sikujua kipimo chako, nikaamini maandishi. Ni ya mtoto wa miaka mitatu.